Mkurugenzi wa Vyumba Sita

Msusi wa chumba cha pili ndiye aliyeniletea habari. Nilikuwa naanika nepi uani, akaja na kitana kimechomekwa kwenye nywele, akatazama huku na huku, kisha akaninong'oneza kwamba mama mwenye nyumba ameiuza nyumba na sisi tumo ndani.

"Ameshakula pesa zamani," alisema. "Kaifungulia kampuni ili tusimpate. Ukienda kumdai anakwambia siyo mimi, ni kampuni. Sasa kampuni utaikunja shati?"

"Mama yule hawezi," nilisema.

"Mwenzangu, wewe mtu akikubebea mtoto tu, kwako ni malaika."

Nilicheka kidogo, maana ni kweli alikuwa akinibebea mtoto. Lakini msusi alikosea. Mama hakuuza nyumba wala hakula pesa ya mtu. Kilichompata ni kibaya kuliko hicho, na nilikuwepo kilipompata, nimekaa kwenye kigoda chumbani kwake napiga pindo sketi za shule.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, kinachotazama barabara. Humo alilala, humo alipika, humo alishona sare za wanafunzi wa mtaa mzima. Vyumba vingine vitano tulipanga sisi. Marehemu mume wake alikuwa fundi wa kuchomelea, na vyuma vya madirisha yote alivitengeneza mwenyewe, kila dirisha na lake: hili maua, lile mawimbi, la kwangu ndege wawili, mmoja mdomo umekatika. Nyumba yenyewe waliinunua kwa mkopo wa benki, wakaiweka hiyo hiyo rehani. Kodi zetu zilikwenda benki, cherehani ikawalisha na kuwasomesha watoto. Mume alipofariki, mama aliendelea vilevile, ila usiku alianza kuacha redio ikiongea peke yake.

Watoto wake ni watatu. Mkubwa anafanya kazi ofisi ya bima. Wa pili yuko ng'ambo. Wa mwisho, binti, ni muuguzi.

Kampuni ililetwa na ngazi. Kuna ngazi ya chuma uani inayopanda kwenye tangi la maji, na mtoto wa mpangaji mmoja aliipanda akaanguka, akavunjika mkono. Baba yake alisimama uani akasema atashtaki. Mambo yaliisha kwa plasta na kuombana radhi, lakini mama hakutulia. Ndipo mkubwa alipomweleza, mara nyingi, taratibu, kama anavyowaeleza wateja wake.

"Mama, nyumba ikiwa kwa jina lako, mtu akishinda kesi anabeba nyumba, anabeba cherehani, anabeba hadi godoro. Ikiwa ya kampuni, madai yanaishia kwenye kampuni. Wewe huguswi. Na siku ukiondoka, hakuna kugombania kuta. Kila mtu ana hisa zake."

Hilo la kugombania kuta ndilo lililomwingia. Alishaona ndugu wa mume wake walivyogombana msibani mpaka jeneza likakosa wabebaji.

Wakaenda benki kwanza, maana nyumba iliyo rehani haibadilishwi mmiliki bila benki kuridhia. Benki ikaridhia, ila ikamtaka mama atie sahihi kwamba kampuni ikishindwa kulipa, atalipa yeye.

"Kwa mtu wa ngazi siguswi," aliniambia akicheka. "Kwa benki naguswa kama kawaida."

Kisha kwa wakili. Wakili akauliza hisa zigawanywe vipi. Mama akagawa mafungu matatu yaliyo sawa, la mkubwa, la wa pili, la binti. Wakili akauliza, na wewe mama? Mama akajibu, mimi si nitakuwepo tu. Wakili alitaka kuendelea, mkubwa akamwambia mama ndiye mkurugenzi, atasimamia kila kitu.

Mimi sikushangaa aliponihadithia. Nilishamwona akipakua chakula watoto wake wanapomtembelea. Anajaza sahani zao, anasogeza vipande vizuri upande wa mgeni, kisha anakwangua sufuria, anaweka kwenye mfuniko na kula amesimama. Alidhani hisa nazo zina ukoko.

Msusi aliposikia neno mkurugenzi hakulala nalo. Tangu siku hiyo likawa jina.

"Mkurugenzi, choo kimeziba."

"Mkurugenzi anakuja na fimbo ya kuzibulia," mama alijibu, amekunja gauni magotini. "Wewe endelea kutupa nywele humo, utaisuka hiyo kampuni."

Siku zile alikuwa na furaha. Alinunua hata kitambaa cha meza.

Halafu paa likaanza kuvuja, wapangaji wawili wakahama, na benki ikawa inapiga simu. Mama alizidisha kushona. Sikumsikia akiwalaumu watu. Alipiga cherehani mpaka miguu ikavimba, nami nikawa namsaidia pindo na vifungo, mtoto wangu akitambaa chini ya meza akiokota vipande vya nyuzi. Ndipo mkubwa alipoita kikao.

Walikaa kitandani, mkubwa na binti. Wa pili alikuwa kwenye simu, imeegemezwa kwenye kopo la sukari ili uso wake uonekane. Nilitaka kutoka, mama akaniambia kaa, sketi zinatakiwa asubuhi. Akawamiminia chai. Akaiuliza na simu kama imekunywa, wote wakacheka.

Mkubwa akaongea vizuri, siwezi kusema alikuwa mkali. Alisema nyumba imechoka, benki haitasubiri, wakichelewa itapigwa mnada na mama atabaki na deni bila nyumba. Yupo mnunuzi. Wakiuza sasa, benki inalipwa yote, mama anapumua, na kila mmoja anabakiwa na kitu cha kuanzia.

"Na mimi nakaa wapi?" mama aliuliza.

"Kwangu, Mama. Hilo si swali."

"Kwako wapi? Mkeo juzi kaninunulia malapa ya kuvaa humo ndani, nisichafue zulia."

"Mama, tafadhali. Tupige kura tu, tumalize. Wanaokubali kuuza?"

Akanyoosha mkono. Kwenye simu nikaona mkono mwingine, una saa kubwa. Binti alitazama sakafu, kisha wake ukapanda mpaka usawa wa bega, ukakomea hapo.

"Wasiokubali?"

Mama akanyoosha wa kwake. Bado alikuwa ameshika birika kwa mkono mwingine.

Mkubwa akakohoa. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wewe huna hisa."

Nilichomwa na sindano, nikainyonya damu kimya. Mama aliutazama mkono wake kama umepanda wenyewe, akaushusha, akaupitisha kwenye kitambaa cha meza kufuta mahali pasipo na kitu.

"Nilikuwa najinyoosha tu," alisema. "Kukaa sana kunaumiza mgongo. Nani hajapata chai?"

Siku hiyo hiyo wakamwondoa na ukurugenzi, ili mkubwa ahangaike na karatasi za mauzo badala yake. Binti alibaki nyuma, akamkumbatia mama mlangoni, akalia sana. Mama alimpigapiga mgongoni, akamwambia usilie, mwanangu, utachelewa zamu.

Msusi nilimweleza mwenyewe, asiendelee kumchafua mtu. Tangu hapo hakumwita tena Mkurugenzi. Alimwita Mama, na mama akaniuliza kama msusi anaumwa.

Mnunuzi alikuja wiki iliyofuata. Mwanamke mtu mzima, mpole, amevaa viatu vya kazi. Alipita chumba kwa chumba na mkubwa, akagonga kuta, akaufungua na kuufunga kila mlango. Kwangu alimshika mtoto shavu, akaniambia wenye mikataba tutabaki, anataka tu kujua kila chumba kina watu wangapi na ni nani kwa nani. Chumba cha mbele atakifanya duka la dawa.

Wakasimama mlangoni mwa mama. Alikuwa kwenye cherehani, ameinamisha kichwa, anapitisha kola.

"Na mpangaji huyu?" mnunuzi aliuliza.

Nilimtazama mkubwa. Nilikuwa na hakika atasema huyu ni mama yangu. Alifungua mdomo, akatazama vyuma vya dirisha, akatazama viatu vyake.

"Huyo anahama mwisho wa mwezi," alisema.

Cherehani haikusimama. Ilishona tu, na walipoondoka nikaona imeshona mstari mmoja juu ya mwingine, mpaka kola ikawa ngumu kama ubao.

Mama alikuja kwangu jioni ile, jua bado lipo. Hakuwahi kukaa kitandani kwangu, siku zote alisimama mlangoni. Safari hii alikaa. Mtoto akamtambalia magotini kama kawaida yake, naye akaanza kumfuta pua na ncha ya kanga.

"Simlaumu," alisema. "Aliona aibu. Ukishaona aibu, neno la kwanza ndilo linalotoka."

Nilivuta nepi kwenye kamba, nikaikunja.

"Lakini kwake siendi, mwanangu. Nikienda kwake nitakuwa mgeni mpaka nife. Hapa wateja wananijua, cherehani inakaa hata kibarazani. Nikilala ndani ya vyuma vya mzee, nalala."

Akakitazama chumba changu kidogo, kitanda, ndoo, kamba ya nguo, akanyoosha kidole kwenye kona ya chini ya dirisha.

"Pale mkeka wangu unaenea. Nimeshapima kwa macho. Kodi tutachanga, na mtoto huyu utaniachia mchana kutwa, wala hutaniomba." Alimaliza kumfuta mtoto pua. "Kesho yule mnunuzi anarudi kuandika watu wa kila chumba. Akikuuliza mimi ni nani, mwambie ni mama yako."