Mwezi Nilioutangaza Mimi

Kila mwaka mwanangu huniuliza, kwa Kiingereza, Sikukuu itakuwa lini ili akaombe ruhusa kazini. Namwambia angoje mwezi uandame kama watu wengine. Yeye hudhani ni ukaidi wa uzee, na kidogo ni kweli, lakini sababu hasa ni timu ya mpira.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nahodha wa timu ya chuo kidogo cha ufundi, kaskazini-magharibi mwa London. Tulikuwa watoto wa Unguja na Pemba ambao wazee wetu walikimbilia huku, pamoja na Wahindi wa Nairobi na Kisumu waliokuwa wakikaa Kenton na Neasden. Mpira hatukuujua sana. Msimu ule tulishika mkia tangu Oktoba na hatukuuachia. Kibaya zaidi, mara mbili tulishindwa kufika uwanjani, na ligi ikatuandikia kwamba tukikosa mara ya tatu tunafutwa. Mkuu wa michezo wa chuo naye akaniita, akaniambia tukifutwa, uwanja wetu anawapa watu wa mpira wa magongo. Nikaapa kwamba msimu ule tungeumaliza, hata kwa kutambaa.

Mechi ya mwisho ilipangwa Jumamosi, na kwa hesabu yangu ya siku ishirini na tisa, Jumamosi ndiyo Idi. Nikawaandikia ligi barua ya adabu. Wale wazee wa Kiingereza walikuwa waungwana, wakaisogeza mechi mpaka Jumapili saa nane mchana. Nikatembea kifua mbele. Winga wetu wa kushoto, kijana wa Wete kule Pemba, peke yake ndiye aliyenipinga.

"We bwana, mwezi hujauona, unautangazaje?"

Nikamjibu mbele ya wenzetu kwamba ushamba wa Wete bado haujamtoka. Hatukusemezana tena.

Ijumaa alasiri tulingoja simu kutoka Unguja, maana kwao jua huzama mapema. Mama akaipokea, akasikiliza, akaiweka. "Haukuandama," akasema. "Tunakamilisha thelathini."

Basi Idi ni Jumapili. Mwezi mzima tulikuwa tukicheza na saumu zetu bila kufa, na sasa nilikuwa nimeitoa mechi kwenye siku ya kufunga nikaiweka juu ya Sikukuu yenyewe. Niliona haya mpaka futari ikanishinda.

Nikampigia golikipa wetu, Singasinga wa Kenton aliyezaliwa Kisumu. Alicheka sana.

"Captain, hii mwezi ni yako ama ni ya Mungu?"

"Acha mzaha. Bila watu saba referee hachezeshi."

"Mimi niko. Wale brothers wawili wa Neasden nitaleta na gari ya Daddy. Wewe tafuta wengine."

Hao watatu. Wengine wawili, ambao kwao wanafuata mwezi wa Saudia, walikuwa wakila Idi yao Jumamosi, wakakubali. Na mimi, sita. Waliobaki mama zao walikataa katakata. Mama yangu mwenyewe alinitazama. "Mpira? Siku ya Sikukuu?" Nikamweleza habari za barua, ligi na uwanja. Akasema, "Umelikoroga, utalinywa. Lakini sala kwanza."

Tuliswali kwenye ukumbi wa kukodi. Baada ya hotuba watu wakaanza kupeana mikono, na yule winga alikuwa safu ya mbele kando ya baba yake, ndani ya kanzu mpya. Kumwendea kulinitoa jasho kuliko mechi zote za msimu.

"Niwie radhi," nikamwambia. "Mwezi sikuuona, na maneno yale hayakuwa na maana."

Akanishika mkono, hakuuachia. "Sema tena, baba hakusikia."

Nikasema tena, kwa sauti.

"Mechi si saa nane?" akauliza. "Viatu vimo garini tangu alfajiri."

Tulicheza saba kwa kumi na mmoja, kwenye tope. Golikipa aliteguka kidole, akakifunga na kitambaa, akaendelea. Dakika ya sabini mmoja wa wale ndugu akaumia kifundo cha mguu. Akitoka tu, mechi inavunjwa. Tukamwegemeza kwenye mlingoti wa goli letu, naye akawa anainua mkono kila referee alipomtazama. Winga wa Wete akakimbia kushoto na kulia, akinitukana njia nzima. Filimbi ya mwisho ilipolia nilikaa chini nikalia, wala sikuona aibu.

Nilifika nyumbani wageni wameshaondoka. Mama alikuwa jikoni.

"Mmefungwa ngapi?"

"Tisa."

"Mmemaliza?"

"Tumemaliza."

Mezani palikuwa na sahani mbili zimefunikwa. Akazifunua zote mbili.

"Haya, nawa mikono," akasema. "Na mimi sijala."