Tumbo la Ndege

Harufu ya muhogo uliolowekwa, ule uliokaa majini siku nne ukachacha, ikinipata popote pale najikuta nimerudi kijijini kwetu Kumsenga, nina miaka kumi, nimekaa kando ya kijito namsomea mama Biblia. Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa kupanda ulezi. Mama hakujua hata herufi moja. Mimi nilikuwa darasa la nne, basi kazi yangu ilikuwa kusoma, yake kumenya muhogo na kusikiliza. Nikimaliza mama husema neno, na Jumapili baada ya ibada wanawake wenzake humzunguka nje ya kanisa letu la nyasi awaeleze. Jamani, mama yangu alijua kueleza! Siku moja nilimsomea habari za mpanzi, nikamuuliza kwa nini mkulima mwenye akili zake amwage mbegu njiani ziliwe na ndege. Akacheka, akanionyesha kwa kisu mpera ulioota juu ya kichuguu. "Ule nani kaupanda? Ndege alikula, akaja akanya pale. Mungu hupanda hata kwa tumbo la ndege. Wewe unadhani mbegu imepotea, kumbe imebebwa."

Nilivimba kichwa kwa fahari. Siku zile tulikuwa tumeletewa mwinjilisti mpya, Mwalimu Zabroni, kijana aliyetoka chuo cha Biblia, anayevaa soksi hata kwenye tope. Kesho yake nilitumwa kumpelekea ndizi. Nikapiga goti, nikapiga makofi ya salamu taratibu kama tulivyolelewa, maana kwa Waha salamu haikimbizwi, kisha nikamweleza yote, mpera, kichuguu na ndege. Akatoa daftari akaandika. Akaniuliza mama amesoma wapi. Nikajibu kwa majigambo kwamba hajasoma popote, hata jina lake hawezi kuliandika. Mjinga mimi, nilidhani namsifia.

Jumapili akasoma habari za mpanzi. Akaegemea meza, akasema kwamba katika Kigiriki, lugha yenyewe ya asili, jambo hili lina siri ambayo wengi hawaijui. Na siri yenyewe? Tumbo la ndege! Mpera, kichuguu, kila kitu. Nilimgeukia mama nikitabasamu, nikisubiri atajwe. Hakutajwa. Badala yake Mwalimu alifunga kitabu akatangaza kuwa kuanzia siku hiyo asiyejua kusoma asifafanue Maandiko, hata nje ya kanisa, kwa sababu hekima ya Mungu ina watu walioandaliwa kuipokea. "Wapo humu mama zetu," akasema, "hata majina yao hawawezi kuyaandika." Maneno yangu mwenyewe, yametoka kinywani mwake! Wanawake wote wakageuka kumtazama mama. Yeye akatazama mikono yake. Mwizi yule, Mungu anirehemu, mpaka leo sijamsamehe.

Njiani hakunigombeza, na afadhali angenichapa. Tulipofika kijitoni akaniambia, "Kulichukua neno langu si kitu. Mimi mwenyewe nilipewa bure. Lakini wewe, mwanangu, ungeniuliza kwanza." Basi. Niliendelea kumsomea kila jioni, naye aliitikia tu, "Amina, endelea." Wanawake waliacha kumzunguka, wakaenda kwa Mwalimu na daftari lake.

Leo mimi mwenyewe ni mchungaji. Nilikwenda chuoni kwa hasira, nikasoma Kigiriki miaka miwili, nikakipekua kile kisa cha mpanzi neno kwa neno. Tumbo la ndege halimo. Mwaka jana nilirudi nyumbani kumpelekea mama habari hiyo kama zawadi. Ni bibi sasa, lakini bado anamenya muhogo. Nikamsomea mpanzi, nikamwambia yule mtu alidanganya, neno lilikuwa la mama mwenyewe tangu mwanzo. Kisha nikamwomba anieleze tena, kama zamani. Akapapasa ukurasa kwa vidole vyake vilivyopasuka, akanirudishia kitabu.

"Unaniuliza mimi? Si wewe ndiye uliyesoma?"