Shangazi Hawashi Mashine Kabla ya Kupapasa Majani

Shangazi yangu anakata majani kwenye hosteli ya wauguzi. Ni mtu wa maneno machache mpaka umguse kwenye kazi yake, hapo utajuta. Wenzake wanamwita Mama Fimbo, kwa sababu kabla ya kuwasha mashine hupita bustani nzima na mpini wa ufagio, akipapasa majani hatua kwa hatua. Anamtafuta kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayekula konokono.

Mwaka juzi alikuwa bado hapapasi. Kalunguyeye hakimbii mashine. Akisikia mngurumo anajikunja kama mpira, miiba nje, anangoja hatari ipite. Mashine haijui miiba. Siku ilipompitia mmoja, shangazi alirudi akakaa jikoni na mabuti yake miguuni, hata chai hakuigusa. Kesho yake akaanza na mpini. Mpaka sasa ameshatoa saba, na kwenye shimo la maji ameegesha ubao ili anayetumbukia apate pa kupandia.

Shida ni kwamba kupapasa kunakula saa nzima, na msimamizi mpya hana subira. Jumamosi alimwambia wageni wanafika saa sita, bustani isipokuwa tayari kazi anapewa mwingine. Nilikuwepo, nilikuwa nimempelekea chakula.

Saa sita kasoro dakika kumi ilibaki kona moja, majani yamefika magotini. Msimamizi akaja na kijana mwenye mashine ya pili.

"Mama Fimbo, bado unawabembeleza panya wako?"

"Si panya, bosi. Panya gani ana adabu ya kutulia hivi?"

Kijana akacheka. Msimamizi hakucheka. "Washa," akamwambia kijana.

Shangazi akasimama mbele ya mashine. "Nipe dakika tano tu, baba. Nakuomba."

"Chukua. Ndizo zako za mwisho hapa."

Nadhani alitaka kumtisha tu, ila shangazi aliyachukua kama yalivyo. Shangazi akapiga magoti, akapapasa kwa mikono, shina kwa shina. Nilitamani apate hata mmoja, wasije wakamwona mjinga. Hakupata kitu. Majani tu, na chupa ya soda.

"Umeona sasa?" msimamizi akasema.

"Nimeona. Hayumo. Kateni."

Shangazi akavua glavu, akampa kijana. "Mwanangu, Jumatatu utakata nyuma ya matangi. Papasa kwanza. Wanalala pale."

Kijana akamtazama msimamizi, kisha akaitikia kwa kichwa, kidogo sana.

Njia nzima ya kurudi nyumbani shangazi hakugusia habari ya kazi. Hakusema tutakula nini mwezi ujao. Aliniuliza kitu kimoja, mara mbili:

"Yule kijana aliitikia, si ndiyo?"

Nikamwambia aliitikia. Sikumwambia alimtazama nani kwanza.