Mvua Iliyofunika Ombi Langu

Kwetu maombi ni kazi kama kuosha vyombo. Mkimaliza chakula cha jioni, mmoja anaomba, mwingine anaosha, mnalala. Mimi siku zote nilichagua vyombo.

Ndiyo maana nilitamani kuingia chini ya kochi siku ile kukhu, nyanya yangu mzaa baba, alipotangaza kwamba hakanyagi hospitali mpaka mimi nimwombee. Si moyoni. Kwa sauti, mbele ya jumuiya.

Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, kama mvuke kwenye kioo. Alikuwa amepangiwa upasuaji Jumatatu, kwenye hospitali ya misheni kule Mukumu. Jumapili, siku moja kabla, ilikuwa zamu yetu kupokea jumuiya, wale majirani Wakatoliki tunaosali nao nyumba hadi nyumba. Baba alimsihi aache masharti. Mama alimsihi. Yeye alikaa tu akipapasa shanga za rozari.

"Lakini kukhu, mimi nakuombeanga kimoyomoyo," nilimwambia.

"Maombi ya moyoni ni sufuria iliyofunikwa, mukhana, msichana wangu. Nitajuaje kama kuna nyama ndani?"

Watu walikuja baada ya chakula cha mchana. Wakavua viatu mlangoni, wakabanana kwenye makochi, wengine wakakaa mkekani. Tukasali rozari. Sauti zilikuwa zinaenda na kurudi, zinaenda na kurudi, mpaka nikahisi nyumba nzima imeng'oka na inaelea polepole juu ya mashamba ya miwa, sisi sote ndani yake pamoja na birika la chai. Nilikuwa karibu kusinzia mama mwenyekiti wa jumuiya aliposema, "Haya, sasa tumpe nafasi mtoto wa nyumba."

Nikasimama. Nikasema, "Tuombe," watu wakafumba macho, na kila neno nililokuwa nimelipanga likanitoroka.

Hapo ndipo nikasikia mvua. Mvua yetu ya alasiri huanzia mbali, kwenye majani ya miwa, shhh, kama umati wa watu wanaonyamazishana. Halafu ikafika kwenye mabati. Nyumba yetu haina dari, kwa hivyo mvua ikipiga hata redio tunazima.

Nikafungua mdomo nikasema, "Mungu," na mimi mwenyewe sikujisikia. Nikarudia kwa nguvu. Hakuna aliyeshtuka. Basi kitu kikafunguka ndani yangu, nikamwambia yote. Kwamba mwalimu akiniita nisome mbele ya darasa, kitabu kizima kinageuka ukungu. Kwamba uso wangu anaoujua kukhu ni ule wa darasa la tano, na nataka anione kabla sijawa mtu mwingine kabisa. Kwamba naogopa hicho kisu cha daktari. Kwamba harufu ya maandazi inayotoka jikoni ni nzuri sana, asante. Nilicheka peke yangu, macho yamefumbwa, na ile mvua ilikuwa kama inanipitia ndani, nyeupe, bila kunilowesha. Sikuwahi kujua kuomba kunaweza kuwa hivyo. Sikutaka kufika kwenye amina.

Nilipofika, nikafumbua macho; nadhani walikuwa wakichungulia wakaisoma mdomoni mwangu, kwa sababu niliona midomo yao yote ikiijibu. Mvua nayo ikaanza kupungua, ikaondoka kuelekea Ekero, ikatuacha na matone.

"Umeomba?" kukhu akauliza.

"Nimeomba, kukhu."

"Mimi sijasikia hata neno moja."

"Hata sisi," akadakia jirani mmoja mcheshi. "Lakini Mungu anakaa juu ya mabati, mama. Yeye amesikia."

"Kwani anayeenda kupasuliwa ni Mungu?"

Watu wakaangua kicheko. Kukhu hakucheka. Nikaona vidole vyake vimeikaza ile rozari, na ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa anaogopa.

Ningeweza kurudia yale ya kwanza? Hapana. Yalikuwa yameshaenda, na yalikuwa yangu. Ule utamu nao ulikuwa umekwisha, kimebaki kimya tu, na watu wazima wananitazama. Ningetoa chochote mvua irudi. Haikurudi. Nikapiga magoti mkekani mbele ya kukhu, nikamshika mikono pamoja na shanga zake.

"Mungu, ni mimi tena," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, ikapasuka katikati. Mama yangu akakohoa. Nikaendelea. "Kukhu anaogopa. Kesho uingie naye mle ndani, kwa sababu sisi hawataturuhusu. Umshike mkono. Umrudishe nyumbani akiwa anaona. Amina."

Ni hayo tu. Nililowa jasho mpaka mgongoni.

Kukhu alisogeza midomo kama mtu anayeonja kitu. "Amina," akasema, akashusha pumzi ndefu, mabega nayo yakashuka. Kisha akageukia upande alikomsikia mama akikohoa.

"Lile gauni langu la bluu liko wapi? Ama mnataka niende Mukumu na hili la shamba?"

Mama akainuka haraka kwenda kutia makaa kwenye pasi.