Mistari Minne, Ukurasa wa Kumi na Nane

Gazetini walimwita Mama Bahasha, kwa kuwa miaka kumi na tisa ndiye aliyetunza picha: chumba kisicho na dirisha, makabati ya chuma, na maelfu ya bahasha zenye nyuso za watu. Ukimwomba picha ya waziri yeyote, aliye hai au marehemu, hujakohoa mara mbili imeshakaa mezani. Walimsifu kwa uvumilivu. Uvumilivu gani! Mwanamke yule alikuwa amekiweka kisasi kiporo, na kila asubuhi alikipasha moto.

Baba yake alikuwa mtunza stoo wa hospitali. Ndiye aliyegundua kwamba dawa zinaibwa, ndiye aliyetoa taarifa, akapigwa picha kama shahidi, amevaa tai ya kuazima. Kesho yake uso wake ukatoka ukurasa wa mbele chini ya maandishi makubwa: MWIZI WA DAWA ZA WAGONJWA. Mhariri alikuwa na haraka ya kuwahi mtambo wa kuchapia, hakuuliza picha ni ya nani.

Baba alimfuata ofisini, kamshika mkono binti yake wa miaka kumi na miwili. Mhariri hakuinua hata kichwa.

"Mzee wangu, tumeshasahihisha. Mistari minne, ukurasa wa kumi na nane. Unataka tukupigie na ngoma?"

"Nataka pale pale mliponichafua, bwana mhariri."

"Ukurasa wa mbele ni wa habari, si wa kuomba radhi."

Mistari yenyewe ilibanwa chini ya tangazo la magodoro. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, husema wahenga, ila hapa chema hakikupata mnunuzi: masahihisho hayakusomwa na mtu, lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale mtaani aliwafungia wateja misumari kwa uso wa baba mwezi mzima. Baba akaacha kwenda kazini, akaacha kwenda misibani, mwisho akaacha kuamka. Mama akazishusha picha zake zote ukutani, maana wageni walikuwa wakizitazama kisha wananyamaza.

Miaka thelathini baadaye, mhariri yule, sasa mstaafu mwenye mvi, akapewa tuzo. Tuzo ya nini? Ya maadili ya uandishi! Mama Bahasha alicheka peke yake hadi akatokwa na machozi.

Msichana wa kupanga kurasa akachungulia mlangoni. "Mama, naomba picha ya mzee, ya ujanani. Inakwenda mbele kesho. Sisi hatukumkuta, hata sura hatumjui."

Mama Bahasha akavuta droo mbili, ya mhariri na ya baba yake. Sheria ya kwanza ya kazi yake, aliyomfundisha kila mgeni aliyepita pale, ni kwamba uso wa mtu hauwekwi kwenye habari isiyo yake. Alijua anachokivunja, na alijua wasomaji watadanganywa. Basi na wadanganywe siku moja. Kuhusu baba walidanganywa miaka thelathini na hakuna aliyekosa usingizi. Akamkabidhi msichana mtu mwenye tai ya kuazima.

Asubuhi saa mbili simu ikalia.

"Huyu si mimi! Nani kaliweka lijitu hili kwenye jina langu? Mnajua watu watanionaje?"

"Pole, mzee. Ni mimi. Tutasahihisha."

"Lini? Wapi?"

"Kesho. Mistari minne, ukurasa wa kumi na nane."

Sauti ya mzee ikashuka: "Wewe ni nani?"

"Yule aliyeshikwa mkono."

Hakungoja barua ya kufukuzwa. Akaziweka funguo za makabati mezani, akachukua gazeti moja, akaenda nyumbani.

Mama yake alivaa miwani, akafuata maandishi kwa kidole: MTU MWADILIFU. Akautazama uso uliokuwa chini yake kwa muda mrefu.

"Nani kawaambia?"

"Mimi, mama."

Bikizee yule akajitanda mtandio, akaenda na gazeti lake hadi duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa yule yule, amezeeka naye.

"Nipe msumari mmoja."

Mzee akaupeleka mkono kwenye rundo la magazeti ya kufungia.

"Usinifungie," mama alisema, akamfunulia ukurasa wa mbele hadi karibu na pua. "Msumari nitaubeba mkononi. Wewe mtazame kwanza."