Togwa Yangu Kwenye Mizani ya Ndege

Nichekeni, lakini mpaka leo sioni kosa langu. Binti yangu amejifungua Unguja, na kwetu Kilosa mzazi lazima anywe togwa. Nikapika uji wake, nikautia kimea uchachuke, nikaujaza kwenye dumu, nikakaza kifuniko kwa nguvu zangu zote, nikaliviringisha kwa kanga ndani ya boksi. Basi la abiria likatutikisa, mimi na boksi langu, mpaka kiwanja cha ndege Mikumi.

"Shikamoo mama. Mzigo gani huu?" akauliza kijana wa mizigo.

"Marahaba. Wa kawaida."

"Wa kawaida ni kama nguo na viatu. Humu hakuna majimaji, kitu cha kuoza wala cha kulipuka?"

Nikamkazia macho. Chakula cha mzazi kilipuke?

"Baba, nimetuma mizigo kwa mabasi tangu kabla hujazaliwa. Nimesema wa kawaida!"

Akaliweka boksi kwenye mizani kwa adabu, akainama kusoma kilo. Kifuniko cha dumu kikafyatuka paa, kikapasua boksi! Watalii waliokuwa kwenye foleni wakalala chini. Kijana akabaki wima, uso na shati jeupe vikichuruzika. Akalamba mdomo.

"Mama, hii ni togwa!"

"Ndiyo," nikamjibu. "Togwa ya kawaida."