Nyumba Niliyoichagua Siku ya Maji

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, nikipanda ngazi za ploti moja, jengo la kupangisha, pale mtaa wa Umoja, Nairobi, na viatu vya kuazima. Vilikuwa vya binamu yangu. Tulibanana naye chumba kimoja Ziwani, mimi, yeye na redio yake iliyokoroma kuliko yeye mwenyewe, lakini hayo tuyaache. Nilitafuta nyumba yenye sebule na chumba cha kulala, kwa sababu mke wangu Wairimu alikuwa ameniambia waziwazi huko kwetu Murang'a: "Siji Nairobi kulala nyuma ya pazia la binamu yako. Huyu mtoto atatembea kabla hujapata nyumba."

Keateka, yule mtunza jengo, akanifungulia nyumba orofa ya pili. Akafungua mfereji, maji yakaruka mpaka yakanilowesha shati. Nikaona nimefika peponi. Tena ningeweza kwenda kwa miguu hadi karakana yetu ya useremala. Siku hizo miguu ilikuwa miguu, si hivi vijiti ninavyovichua kwa mafuta kila asubuhi.

Langoni aliketi mama mmoja muuza mboga, Mama Nyambura. Nikitoka, nimeshamwambia keateka naichukua, akaniita: "Kijana, si ununue sukuma kidogo tuongee?"

Nami kwa kiburi cha viatu nikamjibu, "Mama, mimi nimekuja kuangalia nyumba, si mboga."

Akacheka tu. "Haya. Karibu kwa ploti."

Wairimu akafika Jumamosi, mtoto mgongoni. Akafungua mfereji. Ukakohoa, ukanyamaza. Jumapili, kimya. Kufika Jumatatu nepi zimejaa beseni, na mke wangu ameanza kukunja leso zake bila kusema neno. Mwanangu, mwanamke akikunja nguo huku amenyamaza, moyo wake uko steji ya basi tayari. Nami nikajua akirudi Murang'a safari hii, kumleta tena itakuwa kazi ya wazee.

Kumbe ploti ile maji yalikuja Alhamisi peke yake, na kila mtu alijua isipokuwa mimi. Mgeni ni kipofu hata akiwa na macho. Hilo nilikuja kulijua niliposhuka kwa Mama Nyambura, kichwa chini.

"Mama, naomba kuuliza habari ya maji."

"Si ni wewe ulikataa mboga?" akasema, barabara nzima isikie. "Keti. Nikatie sukuma kwanza."

Nikakata. Fundi mzima wa randa, nakata sukuma langoni, na wapita njia wananitania: "Mama Nyambura, leo umeoa?"

"Unazikata kama mbao," akanikemea. "Zifanye nyembamba." Halafu, polepole, akanieleza kila kitu: siku ya maji, pipa la kununua, na mjane wa nyumba ya chini mwenye tangi, ambaye hamnyimi mwenye mtoto mchanga. "Haya yote ningekuambia ile Alhamisi," akasema. "Lakini wewe uliuliza mfereji, hukuuliza mtu."

Nikapanda na mitungi miwili ya maji kutoka kwa yule mjane. Wairimu akayatazama maji, akavitazama vidole vyangu vya kijani. "Umefanya nini, Baba Ciku?" Nikamsimulia. Alicheka mpaka akaketi juu ya furushi lake, kisha akalifungua, akatoa leso moja, akaitandika kitandani. Tulikaa pale miaka kumi na moja. Watoto wetu wengine wawili walizaliwa pale. Ah, jioni zile, Wairimu na Mama Nyambura langoni, vicheko vyao vikinifikia nikiwa bado njiani!

Sasa wewe nakuona unatafuta nyumba kwa simu, picha zinang'aa. Tafuta, sikukatazi. Lakini mwanangu, nenda kwa miguu, uzunguke mtaa. Rudi siku nyingine uone kama mambo ni yaleyale. Nunua kitu langoni, uulize. Kuuliza si ujinga. Na mtu mzima akikuita, simama, hata kama huna haja naye. Majuto ni mjukuu, na mimi nilimlea mapema.

Mungu akupe nyumba yenye amani, na majirani wa kukuulizia siku usipoonekana.